Wajina

Lira, saa tatu usiku. Jenereta ya wodi ya wazazi
inakohoa, inatulia, inakohoa tena.
Sista Ejang amenirudishia karatasi niliyochapa mchana,
ameikunja mara nne kama noti ya kuazima.
"Acen," anasema, "mama zangu umewapeleka wapi?"

Naikunjua. Uzito upo: kilo tatu, kilo mbili na nusu,
kilo moja na nukta tisa, yule aliyewekwa kwenye joto.
Vijiji vipo: Amach, Ogur, Barr.
Ila chini ya neno jina
ni weupe, mistari mia mbili na kumi na nne,
weupe wa shuka lililolowekwa kwa jiki.

Nilikuwa nimeunganisha majedwali mawili.
Daftari la mama: namba, jina, kijiji.
Daftari la mtoto: namba, jina, uzito.
Nikaandika ile nyota ya wavivu, lete vyote,
nikadhani vyote ni vyote.

Hifadhidata haikuiba kitu. Ilileta majina yote mawili,
hili ubavuni mwa hili, kama wenyewe walivyolala kitandani.
Ni programu yangu, iliyopokea mzigo mlangoni
ikiwa na mfuko mmoja tu ulioandikwa jina.
Ikatia la mama.
Likaja la mtoto; ikamwaga la mama, ikatia la mtoto.
Na mtoto wa siku moja hana jina.
Utupu ukamkalia Harriet Atala,
ukamkalia Jolly Akao,
na hakuna kengele iliyolia, hakuna wekundu kwenye kioo.
Mafahali wawili hawakai zizi moja, ndiyo,
lakini hakuna aliyeniambia kwamba mmoja akishatoweka
zizi huonekana shwari.

Mimi ningepaswa kujua.
Acen ni wa pili; Apio alinitangulia kwa robo saa
na hadi leo ananidai heshima ya robo saa hiyo.
Darasa la tatu mwalimu aliandika A. Ogwal,
chini yake A. Ogwal,
akatazama, akachukua rula, akakata mstari mmoja,
akidhani mkono wake umejirudia.
Muhula mzima sikuwepo.
Alama zangu za hesabu alizichukua Apio.
Hajazirudisha.

Sista amevuta kiti. Anataka kuona nikifanya.
Nafuta nyota. Namwita kila mmoja kwa nyumba yake:
mama nukta jina, nampa lakabu, jina_la_mama;
mtoto nukta jina, jina_la_mtoto.
Nakaribia kumaliza, kisha naiona namba,
nayo ni mbili, na siku zote hizi ya mtoto
imekuwa ikijibu mama anapoitwa.
Lakabu tena. Namba_ya_mama.
Kazi ya dakika nne, na mchana kutwa nimewapoteza watu.

Wanarudi. Ejang anawasoma kwa kidole,
polepole, kama anayehesabu blanketi:
Atala. Akao. Ayugi wa Barr, huyu alinitukana, yupo.
Kwenye safu ya watoto weupe umebaki.
"Na hapa? Hili nalo kosa?"
"Hapo paache, Sista. Hapo panangoja."

Jenereta inakata. Anawasha tochi ya simu, anaendelea,
kisha kidole kinasimama.
Sabina Awor.
Sabina Awor.
Kijiji kimoja, tarehe moja.
Mkono wangu tayari uko kwenye kitufe cha kufuta,
unajiendea wenyewe, una rula yake.

"Wee! Usiguse," anasema Ejang.
"Mmoja yuko kitanda cha sita,
mwenziwe cha kumi na moja. Wanaitana wajina
toka asubuhi, wanacheka mpaka nyuzi zinawauma."